Mchora Nchi Aliyewageukia Watu

Yako maneno ambayo twayasikia mara kwa mara katika mazungumzo ya watu waliosoma, nayo ni haya: kwamba mchora picha aliyezoea kuchora nchi, yaani vilima, mito, miti na mawingu, asithubutu kuwachora watu, na akithubutu, amepotea njia. Wasema, mti hauchoki kusimama, wala mto haulalamiki kwamba sura yake imekosewa. Bali mtu ni kitu kigumu, naye anao wachoraji wake. Basi kila mmoja na abaki katika shamba lake. Maneno haya yamevaa nguo za hekima, ndiyo maana hupokewa upesi. Sisi twayapinga, nasi twataka kuwaonyesha wasomaji wetu sababu, si kwa kubuni mifano, bali kwa habari za mtu mmoja aliyetenda jambo hilo hilo, akalaumiwa kwa ajili yake, wala hakuiacha kazi kwa sababu ya lawama.

Mtu huyo ni Camille Pissarro. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi, kisiwa ambacho siku zile kilikuwa chini ya mfalme wa Denmark na leo ni cha Marekani. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa ukoo wa Kiyahudi, naye alitaka mwanawe akae dukani. Kijana akakaa dukani miaka kadhaa, lakini mkono wake ulikuwa katika karatasi za kuchorea kuliko katika daftari la hesabu. Mwaka 1852 akaenda Venezuela pamoja na mchoraji mmoja wa Denmark, Fritz Melbye, na mwaka 1855 akafika Ufaransa, nchi aliyokaa hata kufa kwake. Huko akajifunza kwa Corot, mkuu wa wachora nchi wa zamani zile, hata katika orodha za maonyesho makuu ya Paris akajiandika kuwa mwanafunzi wake.

Miaka 20 na zaidi Pissarro alichora nchi. Alikaa sana Pontoise, mji mdogo kaskazini-magharibi ya Paris, akazichora njia zake za vumbi na za theluji, mashamba yake ya kabichi, miti yake ya matunda na vilima vyake vyenye nyumba za mawe. Watu walikuwamo katika picha hizo, naam, lakini walikuwa wadogo kama sisimizi: mwanamke apita na kikapu, mzee yuko na mnyama wake, wote migongo tu, hawana macho wala midomo. Hiyo ilikuwa desturi ya kale. Yasimuliwa kwamba Claude Lorrain, mchora nchi mkuu aliyefariki Roma mwaka 1682, alikuwa akisema kwamba yeye huuza nchi, na watu waliomo huwatoa bure. Ni neno la mzaha, lakini twaomba msomaji alisome mara ya pili. Nchi ina bei. Watu ni nyongeza ya mwenye duka.

Kuanzia mwaka 1880 hivi mambo yakabadilika. Pissarro alikuwa amepita umri wa miaka 50, umri ambao watu wengi hawataki tena kujifunza kitu kipya. Wale wadogo wa njiani wakaanza kusogea mbele. Mwaka 1881 alimchora msichana wa kijijini ameketi katika majani, fimbo nyembamba mkononi, ameinamisha kichwa kama mtu awazaye neno lake mwenyewe. Picha hiyo iko Paris hata leo, katika jumba la Orsay. Mwaka ule ule akamchora msichana mwingine karibu na dirisha, anakoroga kahawa yake kikombeni kwa kijiko. Hiyo iko Chicago. Mwaka 1882 akachora soko la kuku la Pontoise, watu wamesongamana, wanunuzi na wauzaji. Tena mwaka huo akamchora mtumishi mdogo wa nyumbani anafagia chumba, na mtoto mmoja wa mchoraji ameketi mezani. Katika picha za shambani za miaka ile aliupandisha juu upeo wa macho, yaani mahali nchi inapokutana na mbingu, hata pengine mbingu haikuonekana kabisa. Kwanza mtu alikuwa doa katika nchi. Sasa nchi ilikuwa nguo iliyomzunguka mtu.

Ndipo lawama zikaanza, nasi tutazijibu, maana ndizo lawama zile zile zisemwazo hata leo.

Lawama ya kwanza ni hiyo tuliyoanza nayo: kwamba ameacha alichokijua akashika asichokijua. Twauliza, je, ni nani aliyewajua wakulima wale kuliko yeye? Miaka mingi alikuwa amesimama ukingoni mwa mashamba yao, jua likiwaka na baridi ikiuma, akitazama. Alijua ni saa ngapi hutoka, na kiuno huinama vipi wakati wa kung'oa viazi, na mwanamke huweka wapi uzito wa mwili anapokuwa amechoka lakini kazi haijaisha. Kwa kuwachora nyumba na kuta zao aliisoma kazi yao. Hakuna kabichi iliyojipanda yenyewe kwa mistari. Mtu atazamaye shamba kwa miaka 20 bila kuuliza limelimwa na nani, huyo ndiye tungemshangaa.

Tena yupo mmoja aliyemjua mkulima na mtumishi kwa njia ya karibu zaidi, naye ni mkewe. Julie Vellay alikuwa binti wa watu wa shamba kutoka Burgundy, naye alikuja kuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya wazazi wa Pissarro. Kijana wa nyumba akampenda, na mama yake hakupendezwa hata kidogo. Walioana mwaka 1871 huko Croydon, karibu na London, walipokuwa wamekimbia vita vya Wafaransa na Waprusi. Wakapata watoto wanane, na katika miaka ya njaa ni bustani ya Julie, kuku wake na sungura wake vilivyojaza chungu, wala si picha. Basi Pissarro alipomchora mtumishi mdogo na ufagio wake, mabwana wakasema, mchora nchi huyu anajua nini juu ya watumishi? Sisi twadhani alijua kuliko mabwana hao, ambao walimjua mtumishi kwa sauti ya kengele tu.

Lawama ya pili ni ya kazi yenyewe, nayo ina nguvu zaidi, hatuipuuzi. Wasema, kumchora mtu ni elimu nyingine. Kweli. Ukilisogeza tawi la mti upana wa mkono mzima, hakuna atakayejua. Ukilisogeza jicho la mtu upana wa punje ya mtama, umechora mtu mwingine. Wala hatusemi kwamba Pissarro alishinda kila mara. Ziko picha zake ambazo mikono ya watu ni mizito kama magogo, na vichwa vimekaa juu ya mabega kama vilivyowekwa na mtu mwenye haraka. Yeye mwenyewe aliiona shida hiyo, akafanya kazi kama mwanafunzi: alichora michoro mingi ya kalamu na ya chaki, mtu akiinama, mtu akiketi, mtu akibeba, kisha akaikusanya katika chumba chake cha kazi na kuitengeneza picha polepole. Majirani na jamaa za mkewe walimkalia ili awachore.

Lakini wakosoaji hawa wasahau jambo moja, yaani lile ambalo mchora nchi huja nalo mkononi. Wachoraji wengi wa watu walijifunza kazi yao chumbani, kwa mwanga wa dirisha moja. Walimchora mtu kwa mwanga huo, upande mmoja mweupe, upande mwingine wa kahawia, kisha wakamwekea shamba nyuma yake kama pazia. Jua halifanyi hivyo. Mtu aliyesimama shambani huangaziwa kutoka kila upande: mbingu humtia buluu mabegani, majani humrudishia ukijani chini ya kidevu, na udongo mkavu humwangaza miguuni. Kivuli cha uso wake si cheusi, kina rangi ndani yake. Mambo haya yote Pissarro aliyajua kwa kuchora vichaka na kuta, akayaleta katika shavu la msichana. Kwa hiyo watu wake wamo katika shamba kweli kweli. Upepo uwagusao ni ule ule uyagusao majani. Twasema wazi: hilo hakuliweza mchora watu wa chumbani aliyesifiwa kwa kuchora mikono sawasawa.

Wala Pissarro hakuwa wa kwanza. Corot, mwalimu wake, aliyeishi tangu 1796 hata 1875, alichora watu wengi, hasa uzeeni, wanawake wakisoma, wakiwaza, wakishika kinanda. Lakini karibu zote alizificha chumbani mwake, kana kwamba ni dhambi. Mwaka 1869 alithubutu kuionyesha moja kwa watu wote, mwanamke wa kijijini asomaye kitabu. Mkosoaji Théophile Gautier akazisifu rangi zake, akaulaumu mchoro wa mwanamke. Mzee akarudi chumbani na picha yake. Hata mwaka 1909, baada ya miaka 34 ya kufa kwake, watu wake wakaonyeshwa pamoja mjini Paris, na wachoraji vijana wakasimama mbele yao kwa mshangao. Edgar Degas, ambaye hakuna atakayesema hakujua kuchora mtu, alikuwa ameziheshimu picha hizo zamani. Twauliza tena, ni nani aliyefaidika kwa Corot kuambiwa abaki na miti yake?

Lawama ya tatu ilikuwa kwamba Pissarro amemwiga Millet. Jean-François Millet, aliyefariki mwaka 1875, alikuwa amewachora wakulima kabla yake, naye alikuwa mkubwa, hatumpunguzii kitu. Picha yake ya mtu aliyeegemea jembe, ilipoonyeshwa Paris mwaka 1863, iliwaudhi matajiri. Walisema mtu huyo ni mnyama, walidhani wanatishwa. Lakini tazameni tofauti. Mkulima wa Millet amebeba mzigo wa vizazi vyote. Amesimama peke yake jioni, mbingu kubwa juu yake, naye ni kama Adamu aliyefukuzwa bustanini. Mkulima wa Pissarro ana jina. Anapumzika, anaongea na jirani, anabishana juu ya bei ya kuku, anakunywa kahawa. Jasho lipo, lakini hata kicheko kipo. Mwandishi Huysmans aliliona jambo hilo katika maonyesho ya mwaka 1882, akaandika kwamba Pissarro sasa amejitenga kabisa na Millet, awachora watu wa mashamba bila ukuu wa kubandikwa. Na Pissarro mwenyewe alimwandikia rafiki yake Duret mwaka ule ule, akinung'unika kwamba watu wamtupia Millet usoni, ilhali Millet ndiye mtu wa Biblia, na yeye, ijapokuwa ni Mwebrania, hana mengi ya namna hiyo. Hatutaki kumvika Pissarro joho lisilo lake; hakuwa mtu wa dini. Lakini twaona kwamba kumchora mkulima kama mtu, wala si kama mfano wa huzuni, ni heshima ambayo wakulima hawajapewa mara nyingi.

Hapa yatupasa kusema neno hata juu ya watu waliomsifu Pissarro kwa sababu isiyo njema. Wao wasema, amefanya vizuri kuwaacha miti, maana mtu ni wa daraja ya juu. Daraja hizo ni za zamani sana. Katika karne ya 17 mwandishi Félibien, huko Ufaransa, alizipanga picha kama watu wanavyopangwa mezani kwa mfalme: chini kabisa matunda na maua, juu yake nchi, juu tena wanyama walio hai, na juu ya hao sura ya mwanadamu, kwa kuwa ndiyo kazi ya Mungu iliyo kamili kupita zote duniani. Neno la mwisho hatulikatai. Lakini mtu gani aliyewekwa juu? Mfalme juu ya farasi, shujaa wa Kiyunani, miungu ya uchi ya makafiri. Mwanamke wa kabichi hakuwamo katika daraja hiyo. Picha yake iliwekwa chini, pamoja na vichekesho vya ulevini. Walisema mwanadamu ni sura ya Mungu, kisha wakachagua ni mwanadamu yupi. Pissarro hakupanda ngazi ile, wala hakuwaacha miti: majani yake ya mwaka 1882 ni mazuri kama ya mwaka 1872. Alilofanya ni kukataa kwamba shamba na mwenye jembe ni vitu viwili vya bei mbalimbali.

Juu ya fedha tutasema kwa ufupi. Hakuna asemaye kwamba alifuata faida. Paul Durand-Ruel, mnunuzi wake, alikuwa ameanza tena kuzinunua picha zake, na mara mwanzoni mwa mwaka 1882 benki iliyomkopesha ikaanguka, naye akakosa mali. Katika wakati huo hasa Pissarro alikuwa akichora wafagiaji na wachunga, vitu ambavyo tajiri hatamani kuvitazama wakati wa chakula. Hata nyumba aliyokaa huko Éragny tangu 1884, aliweza kuinunua mwaka 1892 kwa fedha za mkopo wa rafiki yake Monet, ambaye Julie alikwenda kumwomba, mume akiwa London.

Msomaji ataweza kuuliza, habari hizi za Wafaransa zatuhusu nini sisi wenye majembe yetu? Zatuhusu sana. Tazameni picha zitundikwazo katika nyumba za wageni na kuchapwa katika kalenda. Kilimanjaro upo, na theluji yake. Chini yake uwanda, mti mmoja, na twiga. Aliye mbali akiitazama picha hiyo, husema, nchi nzuri, nayo haina watu. Wachagga wako wapi, na migomba yao, na mifongo iliyochimbwa na wazee wao ili kuyaleta maji ya mlima mashambani? Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyejifunza na kufundisha Makerere, aliona upungufu huo, akaichora miteremko ile pamoja na watu wake wakifanya kazi zao, mpaka alipofariki mwaka 1993. Lakini katika shule zetu mtoto akitaka kumchora mama yake anatwanga, mara nyingi huambiwa, mtu ni mgumu, chora mnazi. Naye huchora mnazi. Akimaliza shule anajua kuchora minazi 20, na mama yake hajaonekana katika karatasi hata mara moja. Waalimu wenzetu, mwacheni amkosee mama yake pua! Atarekebisha kesho. Mkimzuia leo, atajifunza jambo baya kuliko pua mbaya, yaani kwamba yaliyo karibu naye hayastahili kuchorwa.

Hoja moja bado imebaki kwa wapinzani wetu, nasi twaitaja wenyewe kabla hawajaitaja. Watasema, hata Pissarro mwisho wake aliwarudia watu wadogo. Ni kweli kwamba katika miaka yake ya mwisho alichora miji, Rouen, Dieppe, Le Havre, na mwaka 1897 ile njia kuu ya Boulevard Montmartre ya Paris, na watu waliomo ni nukta za rangi, maelfu yao. Lakini sababu ilikuwa jicho. Tangu mwaka 1888 jicho lake moja liliugua, likawa haliwezi kuvumilia vumbi wala upepo, hata ikampasa kukaa nyuma ya kioo, katika vyumba vya juu vya hoteli, na kuchora yale aliyoyaona chini. Kutoka dirisha la juu mtu ni mdogo. Hilo si neno la bei tena, ni neno la macho. Wala hakuacha kuwachora watu wa karibu siku alizoweza.

Mwaka 1903 alijichora mwenyewe. Picha hiyo iko London, katika jumba la Tate. Amevaa kofia na miwani, ndevu zake ndefu ni nyeupe zote, naye amelijaza turubai. Nyuma yake kuna dirisha, na nje ya dirisha zaonekana nyumba za Paris, ndogo, zimekaa begani pake. Alifariki tarehe 13 Novemba ya mwaka ule.